Modo mzoefu, flashi mbili na chumba cha mita 4 kwa 5

Mkuu, nimeliona swali lako: flashi mbili za betri za 200Ws (kipimo cha nguvu ya flashi), chumba cha mita 4 kwa 5 hapo Mwanga, Kigoma, modo mzoefu anatoka Dar, una saa tatu naye, kazi ni picha za vitenge vya duka, na unauliza taa uzipangeje. Wadau hapo juu wameshakutuma ukanunue taa ya tatu. Achana nayo, kwenye chumba hicho itakuwa stendi ya kujikwaa tu.

Modo mzoefu si mteja wa picha ya pasipoti. Hakai kusubiri umhesabie moja, mbili, tatu. Flashi ikiwaka anabadili pozi: kidevu, bega, mkono, pindo la kitenge, kisha anangoja flashi inayofuata. Kwa hiyo unahitaji mambo mawili: mwanga usioharibika akisogea, na flashi inayowahi kujaa.

Tuanze na kusogea. Taa kuu ikiwa mita 1 kutoka usoni, akiinamia taa sentimita 30 tu mwanga unaongezeka mara mbili, stopu nzima, na paji la uso linaungua, yaani linakuwa jeupe tupu. Ukiirudisha hadi mita 1.5, sentimita 30 hizohizo zinakula kama theluthi mbili za stopu, na hizo faili la RAW (picha ghafi ya kamera) linazimudu. Ukirudi nyuma taa inakuwa ndogo machoni pake na vivuli vinakuwa vikali, ndiyo maana softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya sentimita 60 uiache kabatini, uweke mwavuli wa sentimita 120 wenye kitambaa cheupe mbele. Usiuelekeze puani. Uzungushe kidogo ili katikati ya mwanga ipite mbele ya uso wake. Ukingo wa mwanga ni laini na eneo la kuchezea linapanuka. Bandika solotepu sakafuni, mraba wa mita 1, na umwambie humo ndimo mwanga ulimo. Mzoefu hatatoka.

Dari ndiyo itakayokusumbua. Pandisha mwavuli mpaka karibu uguse dari, mwavuli wenyewe ukiwa umeinamishwa kuelekea kwa modo. Angalia kivuli cha pua: kinatakiwa kishuke kuelekea kona ya mdomo. Kikilala kikavuka shavu, taa iko chini mno au pembeni mno. Irudishe mbele kidogo, na ikishindikana mkalishe kwenye stuli. Mguu wa stendi ufungie kiroba cha mchanga. Mwavuli mkubwa na feni havielewani, na feni utaiwasha tu chini ya bati saa saba mchana. Ukiweza, anzeni asubuhi.

Sasa kasi. Kwa nguvu kamili flashi kama hizo huchukua sekunde 2 hivi kujaa. Modo atakuwa ameshapita pozi mbili, na wewe ukibonyeza mapema unapata fremu nzuri mbili na ya tatu giza, halafu unalaumu trigga, kile kifaa cha kuwasha flashi. Anza hivi: ISO 400 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/8, shata 1/160 ya sekunde, taa kuu 1/8 ya nguvu yake. Hapo inajaa kabla hajamaliza kugeuza shingo, na betri inafika jioni. ISO 400 isikutishe. Usipandishe shata kupita kikomo cha kamera kwa flashi, maana utaona mkanda mweusi chini au juu ya fremu. Kabla hajaingia, piga fremu moja flashi zikiwa zimezimwa: iwe nyeusi kabisa. Ikionyesha chochote, kuna mlango au dirisha linavuja.

Kuta za rangi ya kijani au krimu zinarudisha mwanga ambao hukuuomba. Shavu la upande wa kivuli linapata rangi ya ukuta na uso unakuwa bapa. Tundika kaniki upande huo, kama mita 1 kutoka kwake. Kaniki inatosha kabisa, na kivuli kinarudi.

Taa ya pili iweke nyuma yake, upande wa pili, ikiwa na gridi (wavu wa kubana mwanga) ili isiingie kwenye lenzi. Hapa wengi wanaharibu. Ngozi nyeusi tunaiona zaidi kwa mng'ao wake, na taa inayokuja kutoka nyuma kwa mshazari inang'aa kuliko unavyotarajia. Anza stopu moja na nusu chini ya taa kuu, upandishe polepole hadi bega na nywele vitengane na pazia la nyuma. Usijaribu kuweupisha ngozi kwa kufungua lenzi. Histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) kujazana kushoto, upande wa giza, ni kawaida hapa; unachochunga ni paji la uso na ncha ya pua visiungue. Jasho likandamize kwa tishu, usisugue, ndipo poda, na iwe ya rangi yake. Poda nyeupe haionekani kwenye kioo ila kwenye flashi anatoka kama kapakwa unga.

Lenzi ya 50mm kwenye kamera yako ya sensa ndogo (APS-C) ni ya kiuno kwenda juu. Mwili mzima inataka kama mita 4, na huna. Tumia 35mm kutoka mita 3, kamera usawa wa kiuno, na taa kuu irudishe hadi mita 2 ili miguu isizame gizani. Nguvu iwe 1/4.

Ukishafika hapo, maneno yawe machache. Mwonyeshe fremu kumi za kwanza ajue unakata wapi, halafu mwache atembee. Ukisema "kushoto kwako" iwe kushoto kwake modo, si kwako wewe mpiga picha. Kitenge kikijikunja mwombe akinyooshe mwenyewe au dada wa mavazi aingie. Na usichungulie kioo cha kamera kila fremu, unamkatia mwendo. Malipo na picha zitatumika wapi, andikianeni kabla.

Rangi: mizania ya rangi (white balance) ya kamera iweke 5500K, usiiachie kamera ichague yenyewe (Auto). Kitenge cha njano kikijaza fremu, Auto inavuta kwenye bluu, na kila ukibadilisha kitenge ngozi inabadilika nacho.