Usikubali busta ya breki "inayoingia tu", pima rodi kwanza

Mkuu simama hapo hapo, usimpe huyo fundi hata shilingi. Land Cruiser 80 yenye injini ya 1HZ, pedali ngumu kama unakanyaga tofali, fundi kasema busta (lile kopo kubwa linalotumia mvuto wa hewa, yaani vakyumu, kuusaidia mguu wako kukanyaga breki) imekufa na kakutafutia ya mtumba "inaingia tu", we unauliza bora mpya au mtumba, kama lazima kutoa upepo na kazi inachukua muda gani. Hiyo "inaingia tu" ndo iliyonimaliza mimi.

Kuingia inaingia. Nati nne chini ya dashibodi, pini ya pedali, masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu), mpira wa vakyumu, basi. Balaa ni ile rodi ya katikati inayosukuma pistoni ya masta. Busta ikitoka gari lingine rodi yake iliwekwa kwa masta ya gari hilo, siyo yako. Ikizidi urefu hata kidogo pistoni hairudi mpaka mwisho, katundu ka kurudisha mafuta ya breki kwenye kikopo chake kanabaki kameziba, mafuta yakipata moto yanatanuka hayana pa kwenda, yanabana breki, breki zinazidi kuchemka, na hapo hujagusa pedali.

Fundi wangu alifunga, tukazunguka mtaani, pedali laini, akachukua chake. Nikashika njia ya Iringa. Gari likaanza kuwa zito, kufika Ruaha Mbuyuni rimu za mbele hazishikiki, harufu ya pedi mpaka wauza vitunguu wakasogea pembeni, diski zishakuwa za bluu. Dereva mmoja wa semi akaja na spana, akalegeza kidogo tu nati za masta pale inaposhikana na busta, tukasukuma gari likatembea! Akaniambia busta yako inakanyaga breki yenyewe. Diski, pedi, sili za kaliperi, beringi grisi imeyeyuka yote, hesabu mwenyewe. Nampigia fundi ananiambia "bosi ulibeba mzigo". Mzigo gani, nilikuwa peke yangu na begi! Na muuza spea naye alilinganisha upana wa busta kwa macho akasema ni yenyewe. Watu wanacheza na roho za watu kabisa, breki hizi, siyo redio.

Sasa sikiliza. Kabla masta haijafungwa, weka kidonge cha plastisini (ule udongo laini wa kuchezea watoto) kwenye ncha ya rodi, funga masta na gasketi yake kaza kabisa, halafu fungua uangalie. Ikipondwa yote chuma kimegusana, rodi inasukuma, zungusha kichwa chake uifupishe urudie tena. Kanafasi kawe kadogo sana, ukikaachia mno pedali itaenda mbali kabla breki hazijashika. Ikishafungwa, nyanyua magurudumu, washa injini, kanyaga mara kadhaa uachie, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likibana, legeza nati za masta, likiachia ujue ni rodi, usitoke gereji.

Halafu nani kakuhakikishia busta imekufa? Hiyo ni diseli, vakyumu inatoka kwenye pampu yake inayozungushwa na injini. Zima injini, kanyaga mpaka pedali iwe ngumu, shikilia mguu hapo hapo, washa. Ikishuka kidogo busta inafanya kazi. Isiposhuka chomoa mpira wa vakyumu pale kwenye busta injini ikiwa inaunguruma, ziba kwa kidole gumba. Hakuna mvuto? Basi ni pampu au mpira umepasuka, au ile valvu ya njia moja imeziba, na busta ya watu haina kosa lolote.

Ukikuta mvuto upo wa nguvu, haya badilisha, ila mkishachomoa masta pitisha kidole nyuma yake pale ilipokuwa imekaa kwenye busta. Kikitoka kimelowa mafuta ya breki, masta inavuja ndani ya busta, na hiyo utakayoweka itaharibika vilevile kama hujabadilisha na masta.