Lacock kwa siku moja bila gari
Je, unaweza kuzuru Lacock, kijiji cha kale huko Wiltshire, Uingereza, kutoka London bila gari? Ndiyo, unakwenda na kurudi London siku hiyohiyo. Panda treni kwenye kituo cha Paddington, London, hadi mji wa Chippenham, kama saa moja na robo hivi, kisha basi la kuelekea Melksham linalopitia Lacock. Ni mwendo wa kilomita tano tu. Mimi hupita njia hiyo.

Kutembea kijijini ni bure. Kiingilio hulipwa kwenye Abasia ya Lacock, jengo la kale lililokuwa makao ya watawa, na usiikose: humo ndimo William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alimopiga picha ya dirisha mwaka 1835, na negativu yake (picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) ndiyo kongwe zaidi duniani kati ya zilizosalia. Nyumba karibu zote za kijiji ni za National Trust, shirika la hisani linalohifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, ambalo ilikabidhiwa kijiji na Matilda Talbot mwaka 1944, ndiyo maana sura yake ya kale haijavurugwa. Lakini zina wapangaji wanaoishi humo na familia zao, kwa hiyo tafadhali usichungulie madirishani.

Angalia ratiba ya basi kabla ya kutoka, hasa Jumapili, maana siku hiyo mabasi ya vijijini huwa haba sana. Ukiweza, nenda katikati ya wiki asubuhi, ukiwahi makundi ya watalii.