Majina mawili kwenye sheria moja

Habari za kazi Mhariri. Swali lenu la wiki hii nimelisoma mara mbili: mwanasiasa wa Marekani anayekaa chini na chama pinzani mpaka wakaelewana, je huyo ni mtu wa maana au ni msaliti wa waliomchagua? Nitajibu kwa urefu mnivumilie, maana kwangu hili sio jambo la taarifa ya habari tu. Nimefanya kazi miaka mingi kama muuguzi na mshauri nasaha kwenye kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu kwa wenye virusi vya Ukimwi, huku Nyanda za Juu Kusini, na zile dawa tulizokuwa tunagawa sehemu kubwa zilitokana na makubaliano ya watu wa Washington ambao kwa mambo mengine yote hawapikiki chungu kimoja.

Mliozaliwa juzi hamjui hali ya 2002, 2003 ilikuwaje. Mtu anapima, unampa majibu, halafu mnabaki mnaangaliana kwa sababu huna cha kumpa zaidi ya septrini, ambayo ni antibiotiki tu, na maneno ya kumtia moyo. Dawa zilikuwepo duniani ila zilikuwa za mwenye hela. Rais George W. Bush mwenyewe, Mrepublican, kwenye hotuba yake kwa Kongresi tarehe 28 Januari 2003 alisema Afrika ina watu karibu milioni 30 wenye virusi na wanaopata dawa ni 50,000 tu, akaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano, ndo mpango tuliokuja kuujua kwa jina la PEPFAR. Sasa angalia, kwenye hotuba hiyohiyo ndo alikuwa anajenga hoja ya kuivamia Iraq. Jiweke kwenye nafasi ya Mdemocrat anayeipinga ile vita kwa moyo wote, huyu rais humpendi, uchaguzi ni mwakani, na leo anakuletea kitu kizuri ambacho kikipita sifa zinaenda kwake. Unampa au unamnyima?

Walimpa. Tarehe 1 Mei 2003 Bunge la Wawakilishi likapitisha kwa kura 375 dhidi ya 41, Seneti nayo ikapitisha, na tarehe 27 Mei Bush akasaini. Yaani toka hotuba mpaka sheria ni miezi minne, kwa bunge la Marekani hiyo ni kasi ya ajabu.

Hapa ndo napotofautiana na wengi wanaosifia wanasiasa wa katikati. Watu wanadhani muafaka unaletwa na watu wa wastani, wale wapole wasio na upande. Hebu tazama waliouleta huu. Henry Hyde wa Illinois, Mrepublican, ni yule ambaye jina lake toka 1976 limebandikwa kwenye katazo la hela za serikali kuu kulipia utoaji mimba, tena ndo aliwaongoza wabunge waliomshtaki Rais Clinton wa Democrat mbele ya Seneti 1999. Mwenzake Tom Lantos wa California, Mdemocrat, mzaliwa wa Hungary, alinusurika mauaji ya Wayahudi wakati wa Hitler na ndo manusura pekee wa mauaji yale aliyewahi kuwa mbunge kule. Barbara Lee, Mdemocrat wa Oakland, naye alikuwemo kuusukuma, huyu ndo yule mama aliyesimama peke yake Septemba 2001 kura zikawa 420 kwa 1, akikataa kumpa Bush ruhusa ya vita. Na kabla yao kuna Jesse Helms, seneta Mrepublican wa North Carolina, mzee aliyepinga hela za Ukimwi miaka mingi na maneno yake kuhusu wagonjwa yalikuwa makali sana, 2002 akasema hadharani anaona aibu kwamba hakufanya zaidi, akaungana na seneta mwenzake Bill Frist kuomba dola milioni 500 za kuzuia mama asimwambukize mtoto. Hakuna hata mmoja hapo wa katikati! Wote walikuwa na misimamo mikali, na kwa mambo mengine walibaki nayo. Walichokuwa nacho ni kujua kipi wanakitaka zaidi ya kingine.

Na bei ililipwa, msidanganyike. Joe Pitts, Mrepublican wa Pennsylvania, alileta kifungu kwamba theluthi moja ya hela za kinga lazima iende kwenye mafundisho ya kusubiri mpaka ndoa. Wademocrat wengi walikipinga kile kifungu, wakashindwa, halafu hao hao waliposhindwa wakaipigia kura sheria nzima ikiwa na kifungu ndani yake. Naomba mtulie hapo kidogo kwa sababu mi naona ndo penyewe, mtu ameshindwa jambo analoliamini na bado hakususa.

Ila bei hiyo hawakuilipa wao, tuliilipa sisi. Nimekaa na akinamama walioolewa kanisani, hawajawahi kutoka nje ya ndoa, mume ni dereva wa lori la kwenda Zambia, anarudi na virusi. Huyu unamfundisha kusubiri nini? Tulikuwa na mradi mmoja, sitautaja, semina za vijana kuhusu kusubiri zilikuwa na hela, na fulana na chakula cha mchana, wakati mimi nikiuliza kondomu za kuwapa wale wenza ambao mmoja anao mwingine hana naambiwa fungu halina nafasi. Nililia siku ile, sioni aibu kusema. Hata wakaguzi wa serikali yao wenyewe, GAO, waliandika 2006 kwamba lile sharti linawapa shida watekelezaji huku kwenye nchi.

Sasa kuna watakaosema basi hao Wademocrat ni wasaliti, walituuza. Nimeliwaza hili miaka mingi. Wangesusa, kifungu cha Pitts kisingekuwepo na dawa pia zisingekuwepo, yule mama wa mume dereva ningempa septrini na kumsindikiza. Na kifungu kilirekebishwa: 2008 sheria iliporudi, ile theluthi ya lazima ikaondolewa, ikawekwa kwamba nchi ikishuka chini ya kiwango fulani itoe ripoti ya sababu, na hela zikapanda mpaka dola bilioni 48. Hyde alikuwa amefariki Novemba 2007, Lantos Februari 2008, na Julai 2008 ile sheria mpya ikapewa majina yao wote wawili, Mdemocrat na Mrepublican kwenye jina la sheria moja. Kifungu kibaya kiliweza kusubiri miaka mitano kikatolewa. Watu niliowazika mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakuwa na hiyo miaka mitano.

Simaanishi kila muafaka ni mzuri, la hasha. Historia ya Marekani ina muafaka wa 1877 ambapo chama kimoja kilipata urais na kingine kikapata wanajeshi waondolewe Kusini, na watu weusi wa kule wakaachwa mikononi mwa waliowamiliki jana, wakanyimwa kura karibu miaka mia. Wakubwa walipeana mikono vizuri tu, na wanaolipa hawakuwemo chumbani. Kwa hiyo mi nikisikia vyama vimekubaliana swali langu la kwanza ni nani hayupo pale na amekatiwa nini, na la pili kama kilichokatwa kinaweza kurudishwa baadaye. 1877 kurudisha kulichukua vizazi.

Tatizo la sa hivi ni kwamba anayejaribu anaadhibiwa nyumbani kwake. Richard Lugar wa Indiana, Mrepublican, ndo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti 2003 wakati haya yote yanapita, huyo huyo aliyeshirikiana na Sam Nunn wa Democrat toka 1991 kuharibu silaha za nyuklia za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti. Miaka 35 Seneti. Mei 2012 akaenda kwenye kura za maoni za chama chake akapigwa kama 60 kwa 40 na Richard Mourdock, ambaye kesho yake alieleza kwamba kwake kushirikiana na chama kingine maana yake ni Wademocrat waje kwenye mtazamo wa Warepublican. Tuseme haki, Lugar alikuwa na makosa yake, alikuwa amejiandikisha kwa anwani ya nyumba aliyoiuza 1977 na watu wa Indiana waliona ameshawasahau. Lakini ujumbe ulifika kwa maseneta wengine. Mourdock mwenyewe akaja kushindwa na Mdemocrat kwenye uchaguzi mkuu, hilo halikuwapunguzia woga.

Sisi huku kura za maoni tunazijua, zile ambazo ukishinda ndani ya chama kwenye eneo la chama basi umeshakuwa mbunge. Kule majimbo mengi ya Bunge la Wawakilishi yako hivyo hivyo, mbunge hamuogopi mpinzani, anamuogopa wa chama chake atakayesema huyu amelegea. Na wanaojitokeza kura za maoni ni wachache na ndo wenye hasira zaidi. Iko pande zote, Dan Lipinski Mdemocrat wa Illinois aliangushwa hivyo 2020, kubwa likiwa ni kupinga kwake utoaji mimba.

PEPFAR yenyewe ikaja kuonja hiyo. 2023 ilitakiwa iongezwe miaka mitano kama kawaida, yakaibuka madai kwamba hela zinawafikia mashirika yanayotetea utoaji mimba, na vikundi vinavyopinga utoaji mimba vikatangaza vitaihesabu kura hiyo kwenye alama wanazowapa wabunge. Alama hizo ndo mpinzani wako anazipeperusha kwenye kura za maoni. Chris Smith, Mrepublican wa New Jersey, aliyekuwa amedhamini nyongeza ya PEPFAR ya 2018, safari hii akawa mbele kuzuia. Ikaongezwa mwaka mmoja tu mpaka 25 Machi 2025, ikafika tarehe hiyo ikapita hivyo hivyo, hela ikabaki inategemea bajeti ya mwaka kwa mwaka. Na kabla hata ya tarehe hiyo, Januari 2025, amri ya Trump ikasimamisha misaada ya nje.

Nafurahi kusema wanaojaribu hawajaisha kabisa. Julai 2025 kwenye ule muswada wa kufuta dola bilioni 9 za matumizi yaliyokwishapitishwa, maseneta kadhaa wa Republican waligoma mpaka dola milioni 400 za PEPFAR zikatolewa kwenye orodha ya kufutwa, na Susan Collins na Lisa Murkowski wakaukataa muswada mzima. Murkowski ni yule aliyeangushwa kura za maoni Alaska 2010 akashinda kwa watu kuandika jina lake kwa mkono, na toka 2022 jimbo lake lina kura ya mchujo ya wote pamoja, wanne wa juu wanasonga mbele bila kujali chama. Sioni kama ni bahati tu kwamba yeye anaweza kusema hapana.

Nimeshastaafu lakini simu haijastaafu. Februari 2025 alinipigia dada mmoja niliyemjua toka 2005, alikuja kliniki na mimba ya miezi sita, mtoto akazaliwa salama bila virusi na sasa yuko chuo. Akaniambia shikamoo sista, nimesikia redioni Wamarekani wamefunga, nimebakiza vidonge vya wiki tatu, je nikimeza leo kesho nikaruka vitanifikisha mbali zaidi? Nikamwambia asithubutu, ameze kila siku kama tulivyozoea. Asubuhi yake nikaenda naye kliniki, tukakuta dawa zipo, wakampa za mwezi mmoja badala ya miezi sita.