Siku ya kumi na mbili sisikii maumivu, kwa nini nisimbebe mtoto?

Shangazi Nesi, shikamoo. Nina siku kumi na mbili tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Uzazi wa tatu uliniachia ngozi ya kuning'inia na misuli iliyoachana. Mirija miwili ya majimaji ilitolewa siku ya nane. Maumivu yamekwisha kabisa, ila mkanda wa kubana unaniwasha na usiku nimeanza kuuvua. Chini ya kitovu pamevimba kidogo. Nikipabonyeza panacheza kama mfuko wa maji. Dada yangu anasema nipaweke mpira wa maji moto, patanywea. Mwanangu wa mwisho ana kilo 11 na kutwa analilia kubebwa. Nivumilie hadi lini? — Mama Watatu

Marahaba, mwanangu. Umeliandika jambo kubwa kama vile unapita tu: panacheza kama mfuko wa maji. Weka gazeti chini, mpigie daktari aliyekupasua, kisha urudi tuendelee.

Umempigia? Haya. Daktari alipoibandua ngozi yako kutoka juu ya misuli, aliacha nafasi pana katikati, na mwili haupendi nafasi tupu. Huijaza majimaji ya manjano. Madaktari huyaita seroma. Mirija ilikuwepo kwa kazi hiyo, na wengi huitoa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Lakini yanaweza kujikusanya tena baada ya mirija kutoka, hasa pale mgonjwa anapojiona mzima na kuanza pirikapirika. Daktari akithibitisha kuwa ndiyo, kwa kawaida huyavuta kwa sindano, na mara nyingi wewe hutahisi hata mchomo kwa sababu ngozi ya hapo imekufa ganzi. Huenda akakuita tena mara mbili tatu. Wewe usipaminye wala usipatoboe: majimaji safi yakiingia vijidudu yanageuka usaha, na hapo tutakuwa tunazungumza mengine.

Mkanda urudishe leo hii. Kazi yake ni kuilaza ngozi juu ya misuli ishikane. Ukikuwasha, vaa ndani fulana nyepesi ya pamba isiyo na mshono ubavuni, uinyooshe vizuri, maana kunjo moja tu huchora mfereji kwenye ngozi. Uwe na mikanda miwili, mmoja ukifuliwa mwingine uko mwilini. Wengi huambiwa wauvae kama wiki sita. Fuata hesabu ya daktari wako. Ukibana hadi pumzi inakatika, au ngozi inabadilika rangi, basi umekaza mno au si saizi yako.

Sasa huo mpira wa maji moto. Nilikuwa nesi wa wodi ya upasuaji miaka 22, na kila mgonjwa aliyetoka nilimwambia asijikande. Nilipofika miaka 47 nikapunguzwa matiti kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Usiku wa tisa nikasikia baridi, nikajaza mpira, nikaukumbatia, nikalala usingizi mtamu kweli. Asubuhi binti yangu ananisaidia kuvaa, akanyamaza. Chini ya titi la kushoto palikuwa na lengelenge la ukubwa wa kijiko cha supu, na mimi sikuhisi chochote. Kovu la mshono leo halionekani. La mpira lipo. Barafu nayo ni hivyo hivyo: ngozi yenye ganzi haikuambii kwamba inaungua.

Ndiyo maana sikuungi mkono unaposema maumivu yamekwisha. Vineva vidogo vimekatwa, tumbo halina wa kukuletea habari. Kidonda kikifika wiki ya tatu, mshono una kama robo tu ya nguvu ya ngozi nzima. Miezi mitatu huufikisha karibu asilimia 80. Ndani kuna misuli iliyoshonwa katikati, na hiyo ndiyo inayovutwa unapoinama kumnyanyua mtoto. Kilo 11 zisubiri hadi wiki ya sita na ruhusa ya daktari. Kabla ya hapo, usizidishe kilo nne au tano. Ila mtoto hahitaji kunyanyuliwa ili apakatwe: kaa, weka mto juu ya tumbo, mtu mwingine amkalishe ubavuni mwako.

Kutobeba si kulala kutwa. Tembea ndani ya nyumba mara kwa mara, hata kwa kuinama kidogo, ili damu isigande miguuni. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au kifua kikichoma na pumzi zikawa fupi, usinipigie mimi wala daktari wako. Nenda hospitali ya karibu wakati huo huo. Homa ya nyuzi 38, harufu mbaya, ngozi ya mshono kugeuka nyeusi, upande mmoja kufura ghafla: hayo mpigie daktari siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Shangazi, nimepunguzwa kifua (mimi ni mwanamume) wiki moja iliyopita. Sigara nimeacha, navuta ile ya umeme tu, haina moshi. Kuna ubaya? — Kijana Msiri

Upo, mwanangu. Moshi una madhara yake, lakini kwenye kidonda adui mkubwa ni nikotini, na kama kimiminika cha kifaa chako kina nikotini, umebadilisha chombo tu. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyobanduliwa inaishi kwa mishipa hiyo hiyo michache iliyobaki. Nimewahi kubadilisha bendeji nikakuta ukingo wa chuchu umekuwa mweusi kama mkaa. Mwenyewe alikuwa ameapa kwamba alivuta "mbili tu". Madaktari wengi hutaka angalau wiki nne bila nikotini kabla, na nne baada. Vibandiko na ubani wa kutafuna wenye nikotini vimo humo humo. Na usimfiche daktari wako: mwambie kesho umevuta mara ngapi tangu siku ya upasuaji, akikague kifua kwa jicho hilo.