Vyumba viwili kwenye HSG: kabla hujakubali kuambiwa kizazi chako kina pembe mbili

HSG, ile eksirei ya kupitisha dawa kwenye kizazi na mirija, huonyesha nafasi ya ndani tu. Ikitokea picha ya vyumba viwili, haiwezi kukuambia kama kizazi kina pembe mbili au kina ukuta katikati. Linaloamua ni umbo la nje.

Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama, kizazi chake huundwa na mirija miwili inayoungana, kisha ukuta wa kati huyeyuka. Mirija isipoungana sawasawa, sehemu ya juu hubonyea kwa nje: hizo ndizo pembe mbili. Ikiungana na ukuta ukabaki, nje huwa sawa. Ukuta hukatwa kwa mkasi wa histeroskopi, kamera nyembamba inayopitishwa ukeni. Ukipeleka mkasi huohuo kwenye kizazi cha pembe mbili unaweza kukitoboa, maana nyuma ya lile bonde ni tumbo. Ndiyo maana tunasisitiza jina sahihi kabla ya upasuaji wowote.

Omba ultrasaundi ya 3D ya ukeni, kibofu kikiwa kitupu, katika nusu ya pili ya mzunguko. Wakati huo utando wa ndani ni mnene na mweupe, unachora umbo vizuri. (HSG ni kinyume: damu ikishakata, kabla yai halijatoka.) Picha ya lazima ni ya koronali, yaani kizazi kikitazamwa kwa mbele, sehemu yote ya juu ikionekana. Kwa vigezo vya ASRM (chama cha Marekani cha tiba ya uzazi) vya 2021, bonde la nje linalozidi sm 1 ni pembe mbili. Ukuta wa ndani unaoshuka zaidi ya sm 1, ncha yake ikifanya pembe ya chini ya nyuzi 90, ni kizazi chenye ukuta. Vigezo vya Ulaya hupima vingine, hivyo ripoti itaje vilivyotumika.

HSG ikionyesha pembe moja iliyolala upande, usiharakishe. Huenda kuna shingo ya pili ya kizazi ambayo haikuonekana dawa ilipowekwa, au kijipembe kilichoziba. Hapo MRI, yaani picha ya sumaku, husaidia sana, mradi picha zake zipigwe kufuata mlalo wa kizazi chenyewe.

Figo zipimwe siku hiyohiyo, kwa sababu figo ya upande wenye hitilafu wakati mwingine haipo. Na binti anayetokwa hedhi kawaida lakini maumivu yanazidi kila mwezi, huku ana figo moja, achunguzwe haraka: huenda ana vizazi viwili, na damu ya kimoja haina pa kutokea.