Chai latte ya viungo kwa sikukuu: kila kitu na muda wake motoni

Chai latte ya nyumbani huharibika kwa njia mbili. Ama inageuka maziwa ya moto yenye harufu ya mdalasini kwa mbali, ama inakuwa chungu na kuacha ulimi umekauka. Mara nyingi chanzo ni kimoja: vitu vyote vimeingia sufuriani kwa pamoja na vikachemshwa kwa muda mmoja. Viungo vinataka moto mdogo wa muda mrefu, majani ya chai yanataka dakika chache tu, na maziwa hayatakiwi kuchemka hata kidogo. Ukivitenganisha hivi vitatu, kazi yote iliyobaki ni nyepesi.

Latte ni neno la Kiitaliano lenye maana ya maziwa, na kweli nusu ya kikombe, pengine zaidi, ni maziwa yaliyopashwa na kutiwa povu. Chai inayokutana na maziwa mengi kiasi hicho lazima iwe imekolea zaidi ya mara mbili ya ile unayoinywa ya rangi. Chai ya kawaida hupotea humo, na kuongeza viungo hakutaiokoa, kwa sababu kinachokosekana ni majani.

Vipimo hivi vinatoa vikombe vinne vya mililita 250. Maji mililita 600, ambayo yakishapungua kwa mvuke na kunyonywa na majani yatabaki karibu nusu lita. Majani ya chai nyeusi gramu 15, yaani vijiko vya chai sita au saba vya majani makubwa, au vifuko saba vya gramu mbili mbili. Kama chai yako ni ile ya chembechembe ndogo, gramu 12 zinatosha, maana hiyo hutoa rangi na ukali haraka zaidi. Viungo ni vijiti viwili vya mdalasini vya urefu wa kidole, iliki 12, karafuu 6, pilipili manga punje 8, nyota moja ya anisi, na tangawizi mbichi gramu 20, kiasi cha kipande kinacholingana na kidole gumba. Sukari gramu 60, ambayo ni vijiko vikubwa vitano visivyojaa pomoni. Maziwa nusu lita. Kwa ladha ya sikukuu andaa pia ukanda mmoja wa ganda la chungwa, kungumanga ya kukwangua na kijiko cha chai cha vanila.

Tumia viungo vizima, uvipondeponde kidogo kwenye kinu. Hili nalisisitiza kuliko jambo lingine lolote kuhusu viungo. Unga wa viungo haushikwi na chujio; hutulia chini ya kikombe kama mchanga, na unga wa mdalasini hasa hufanya utelezi ukikaa kwenye maji ya moto. Kama una unga tu, weka kijiko kimoja cha chai cha mdalasini, nusu ya tangawizi, robo ya iliki na karafuu kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Chemsha dakika tano tu, kisha chuja kwa kitambaa safi.

Karafuu zihesabu, usikadirie. Mafuta yake, yale yanayoitwa yujenoli, ndiyo yanayofanya ulimi ufe ganzi, na yanaendelea kutoka kadiri karafuu inavyokaa majini. Karafuu sita ni harufu nzuri. Kumi na mbili kwenye nusu lita zitafunika kila kitu kingine. Nyota ya anisi ina tabia hiyohiyo, ndiyo maana ni moja tu. Wasioipenda waiache, latte haitapungukiwa.

Iliki ni kinyume chake. Harufu yake ni nyepesi na hupanda na mvuke mapema, kwa hiyo ukiitia yote mwanzoni, unaishia kunusa iliki jikoni badala ya kuinusa kikombeni. Pasua vidonge vyote hadi mbegu nyeusi zionekane, tia sita mwanzoni, na sita zilizobaki zingoje zije ziingie pamoja na majani ya chai. Tofauti utaiona mara ya kwanza tu utakapojaribu.

Tangawizi mbichi inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Ndani yake mna kimeng'enya kinachovunja protini, na ukikwangua tangawizi moja kwa moja kwenye maziwa ya uvuguvugu, maziwa yataganda au kukatika. Joto la kuchemka hukiua kimeng'enya hicho. Basi tangawizi ichemke kwanza kwenye maji, na maziwa yaikute ikiwa imeshaiva. Tangawizi kavu haina shida hiyo, lakini ni kali zaidi kwa ulimi, kwa sababu inapokaushwa baadhi ya kemikali zake hubadilika na kuwa zenye kuwasha zaidi. Usiibadilishe kijiko kwa kijiko.

Kuhusu mdalasini, vijiti vigumu vyenye gome nene hutoa ladha nzito na tamu yenye ukali kidogo, na ndivyo vinavyostahimili maziwa. Mdalasini laini wa matabaka membamba, ule wa Sri Lanka, una harufu ya upole zaidi. Ukitumia huo, weka vijiti vitatu. Wanaokunywa chai ya mdalasini kila siku wafikirie huu wa pili, kwa kuwa ule mgumu una kumarini nyingi zaidi, kitu ambacho kwa wingi si kizuri kwa ini.

Sasa motoni. Weka sufuria kavu kwenye moto wa wastani, tia mdalasini, karafuu, pilipili manga, anisi na ile nusu ya kwanza ya iliki. Zitikise kwa dakika moja. Harufu ikishapanda, mimina maji mara moja, kwani zikianza kutoa moshi zimeungua na uchungu huo hauondoki. Tia tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba. Hakuna haja ya kuimenya, ioshe tu vizuri. Maji yakichemka, punguza moto mpaka yawe yanatoa viputo vidogo, funika, na uache kwa dakika 15. Kifuniko hakina mjadala. Harufu unayoisikia chumba cha pili ni ile iliyotoka sufuriani.

Dakika 15 zikitimia, zima moto. Ngoja nusu dakika maji yatulie, kisha tia majani ya chai, iliki iliyobaki na ganda la chungwa, na ufunike tena. Majani makubwa yape dakika tano, chembechembe na vifuko dakika nne. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona rangi haijakolea, wanawasha moto tena, na chai inatoa tanini nyingi, zile zinazokunja ulimi. Ukitaka chai nzito zaidi, ongeza majani, usiongeze dakika. Gramu 18 kwa dakika tano zitakupa chai nzito na safi. Gramu 10 kwa dakika kumi na tano zitakupa uchungu.

Chuja ukiacha majani yadondoke yenyewe. Usiyakamue kwa mwiko wala usiminye vifuko, maana tone lile la mwisho ndilo chungu kuliko yote, na linaleta ukungu. Tia sukari chai ikiwa bado ya moto, koroga hadi iyeyuke, kisha vanila. Sukari ya kahawia inafaa zaidi kuliko nyeupe kwa sababu ina ladha ya karameli inayoshikana na mdalasini. Ukitaka ladha ya keki ya tangawizi, toa kijiko kikubwa kimoja cha sukari uweke kijiko kikubwa cha molasi, ile sharubati nyeusi inayobaki sukari ikitengenezwa, badala yake. Asali nayo inafaa, ila itie chai ikishapoa kidogo, na uitie kwenye chai, si kwenye maziwa yaliyo motoni. Asali na molasi zote zina asidi, na maziwa yanayopashwa hayapendi asidi. Kwa sababu hiyohiyo, chungwa linaingia kwa ganda lake tu. Menya sehemu ya rangi ya machungwa, uache nyeupe iliyo chini yake kwani ni chungu, na juisi usiiguse.

Maziwa pasha peke yake, kwenye chombo chake. Lengo ni nyuzi joto 60 hadi 65. Hapo utamu wa maziwa unasikika vizuri na povu linakaa. Yakivuka 70 protini zake huanza kubadilika, yanapata harufu ya maziwa yaliyochemshwa, na povu linakuwa la viputo vikubwa vinavyopasuka upesi. Kama huna kipimajoto, angalia ukingo wa sufuria: viputo vidogo vikianza kujipanga pembeni na mvuke ukipanda, ondoa motoni. Ukisubiri yafure umechelewa.

Povu linatokana na protini, si mafuta, na ndiyo maana maziwa yasiyo na mafuta hutoa povu kubwa na kavu. Hata hivyo maziwa yenye mafuta kamili ndiyo ninayoyapendekeza bila kusita, kwa sababu povu lake ni dogo lakini laini kama krimu, na mafuta yanabeba harufu za viungo. Yatoe kwenye friji muda huohuo wa kuyatumia. Maziwa baridi yanakupa nafasi ya kutosha ya kuingiza hewa kabla hayajawa ya moto mno.

Mashine ya kahawa si lazima. Birika la kahawa lenye kichujio cha kusukuma linafanya kazi vizuri kuliko vyombo vingi: mimina maziwa yaliyopashwa yasizidi theluthi moja ya birika, sukuma na kuvuta kwa haraka mara 20 hadi 30, kisha ligongegonge mezani ili viputo vikubwa vipasuke. Kifaa kidogo cha betri chenye waya wa kuzunguka nacho ni kizuri. Kishike karibu na uso wa maziwa kwa sekunde kumi za mwanzo kiingize hewa, halafu kizamishe kilainishe. Kama huna hata kimojawapo, tia maziwa baridi kwenye chupa ya mdomo mpana, yasizidi nusu, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 45, fungua kifuniko, na pasha kwenye maikrowevu sekunde 30 hadi 40. Usifunge na kutikisa maziwa ya moto. Mvuke unasukuma kifuniko na unaweza kukuunguza.

Pasha kikombe kwa maji ya moto, yamwage, kisha tia mililita 120 za chai iliyokolea. Mimina maziwa kiasi hichohicho ukizuia povu kwa kijiko, halafu weka povu juu. Kwangua kungumanga kidogo juu yake sasa hivi, si mapema, kwa kuwa harufu ya kungumanga hufifia haraka ikishakwanguliwa. Mdalasini wa unga juu ya povu unapendeza kwa macho, lakini uwe kidogo.

Kwa maziwa ya mimea, ya oti ndiyo yanayoelewana na chai zaidi, hasa yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya kahawa, kwani yametiwa mafuta na kitu cha kupunguza asidi. Ya soya na ya lozi hukatika kirahisi yanapokutana na chai ya moto sana. Hayo yapashe kwanza, acha chai ipoe kidogo, kisha mimina chai polepole juu ya maziwa ukikoroga. Tui la nazi lina ladha nzuri na viungo hivi lakini halitoi povu la kuridhisha.

Chai iliyokolea inakaa kwenye friji siku tano ndani ya chupa safi iliyofungwa. Hakikisha hakuna kiungo kilichobaki ndani, vinginevyo siku ya tatu utakunywa karafuu. Ikipoa inaweza kuwa na ukungu kama maji ya tope jepesi. Haijaharibika, ni tanini na kafeini zimeshikana kwa baridi, na ukiipasha itang'aa tena. Kwa muda mrefu zaidi igandishe kwenye trei za barafu. Vipande hivyo vinafaa pia kwa latte baridi, ambayo hupoteza ladha barafu ya maji inapoyeyuka ndani yake.

Ikiwa wageni ni wengi, weka chai kwenye chupa ya kuhifadhi joto na upashe maziwa kila wanapohitaji. Ukivichanganya mapema na kuviweka motoni, utando unatanda juu na chai inapata ladha ya kulala. Na unapozidisha vipimo kwa vikombe 12, zidisha majani, maji, sukari na maziwa mara tatu, ila karafuu anza na 12 na anisi mbili, uonje ndipo uamue. Wasiotumia kafeini watengenezee kwa roiboshi, majani mekundu ya Afrika Kusini yasiyo na kafeini, gramu 15 zilezile. Hiyo ina tanini chache, kwa hiyo inaweza kuchemka pamoja na viungo dakika zote 15 bila kuwa chungu, na hapo ndipo mahali pekee ambapo kila kitu, isipokuwa iliki ya mwisho, ganda la chungwa na maziwa, kinaweza kuingia sufuriani pamoja.