Maswali ya wasomaji: Betri imeshuka hadi asilimia 88. Je, niliuziwa simu iliyotumika?

Mhariri, nilinunua iPhone 13 mpya miezi 14 iliyopita. Miezi mitano ya kwanza afya ya betri ilisoma 100, sasa inasoma 88. Fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, Nairobi, anasema niibadilishe kabla haijaharibu simu. Je, nilichezwa? Msomaji, Umoja

Hukuchezwa, na usibadilishe kitu kwa sasa. Tupige hesabu kwanza.

Mzunguko mmoja wa chaji si kuchomeka chaja mara moja. Ni kutumia jumla ya asilimia 100: ukila 60 leo na 40 kesho, umemaliza mmoja. Apple inasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Miezi 14 ni siku kama 425. Ikiwa kwa siku unakula asilimia 80, umefikisha mizunguko 340 hivi. Betri inayopoteza 20 kwa mizunguko 500 ingekuwa imepoteza karibu 14, yaani isome 86. Yako ina 88. Imetunzwa.

Lile la kusoma 100 miezi mitano lisikutie shaka. Betri nyingi hutoka kiwandani na uwezo unaozidi kidogo ule ulioandikwa, na simu haionyeshi zaidi ya 100. Ziada hiyo huliwa kimyakimya, kisha ndipo namba inaanza kusogea. Na namba yenyewe ni makadirio ya programu. Hukaa palepale wiki kadhaa, halafu ikaruka mbili kwa siku moja. Anayeikagua kila asubuhi anajitesa bure.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ayoni za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine unapochaji, na kurudi unapotumia. Upande wa grafiti hujengeka utando mwembamba, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyomeza lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Utando huo hukua hata simu ikiwa imezimwa kabatini. Joto huuharakisha, na chaji iliyojaa pomoni pia. Ndiyo maana simu ya akiba huwekwa ikiwa na nusu ya chaji, si ikiwa imejaa wala imekauka.

Betri iliyochoka haiharibu simu, isipokuwa ikivimba. Badilisha ikishuka chini ya 80 na ukaona haikufikishi jioni, au simu ikianza kujizima. Siku hiyo ikifika, muulize fundi kabla hajafungua kama betri atakayoweka ni halisi: kuanzia iPhone XR na XS, simu hutoa ujumbe kwenye mipangilio ikishindwa kuthibitisha kwamba betri ni halisi.

Mimi ni dereva wa teksi. Simu iko kwenye kioo cha mbele, ramani imewashwa na chaja imechomekwa kutwa nzima. Ina mwaka mmoja tu, lakini inazima ikiwa na asilimia 30. Ukichomeka chaja inawaka na kusoma 28. Betri ni mbovu? Msomaji, Kasarani

Betri yako imezeeka kabla ya umri wake, na chanzo ni hapo ulipoiweka. Kioo cha mbele hupokea jua moja kwa moja. Ongeza joto la chaja, la ramani na la skrini iliyong'aa, yote yamefungiwa ndani ya kava la mpira. Watengenezaji wengi hushauri simu isitumike mahali penye joto linalozidi nyuzi 35, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo kwa urahisi, hata kwa hali ya hewa yetu ya Nairobi.

Kuhusu kuzima: betri ikichakaa haipungukiwi na uwezo tu, ukinzani wake wa ndani, yaani kipingamizi kwa umeme unaopita, pia hupanda. Simu inapohitaji nguvu nyingi ghafla, mfano kutafuta mtandao huku ramani ikichora njia, volti hushuka chini ya kiwango cha kuiendesha. Simu inazima ingawa chaji bado imo. Kuimaliza chaji yote kisha kuijaza kunaweza kusahihisha kipimo cha asilimia, lakini hakurudishi uwezo uliopotea. Dawa ni betri mpya.

Ukishaiweka, hamishia kishikizi kwenye tundu la hewa, na feni ipulize hewa baridi. Vua kava ukiwa kazini. Kama mipangilio ina kikomo cha chaji, kiweke 80. Simu inayoshinda kwenye chaja haina haja ya kujaa. Chaja ya kasi iache kwa siku ya dharura.

Simu yangu ya Android haionyeshi afya ya betri. Nitaijuaje? Msomaji, Kawangware

Weka programu ya AccuBattery, ambayo husoma kipimo cha mkondo kilichomo ndani ya simu. Chaji kutoka 20 hadi 80 bila kuigusa simu. Tuseme imeingiza mAh 2,500 (mAh ni kipimo cha kiasi cha chaji) kwa asilimia hizo 60: gawanya 2,500 kwa 0.6, unapata 4,167. Kama betri ilikuwa ya mAh 5,000, umebaki na asilimia 83. Jibu la siku moja usiliamini. Rudia mara kumi hivi uchukue wastani. Vile vipimo vidogo vya kuchomeka kwenye waya wa chaja vitakudanganya, maana volti ya waya si volti ya betri.

Kifuniko cha nyuma kimeinuka upande mmoja. Nikibandike na gundi? Msomaji, Pipeline

Usithubutu. Hiyo ni gesi ndani ya betri. Zima simu, usiichaji tena, usiibonyeze wala kuitoboa. Iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro na mapazia, kisha ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, usiiweke kwenye mfuko wa suruali ndani ya matatu iliyojaa. Betri iliyotolewa isitupwe na taka za jikoni. Iulizie fundi au kituo kinachopokea taka za kielektroniki.